Kisangani, 1890: Mwandishi aliyemshitaki mfalme

Tarehe 18 Julai 1890, hapa Kisangani, wakati ule Stanley Falls, Mmarekani mweusi George Washington Williams alimwandikia Mfalme Leopold II barua ya wazi. Alikuwa mwandishi wa habari aliyesomea sheria. Kwa hiyo hakulalamika tu: alipanga mashitaka 12. Ardhi ilichukuliwa kwa udanganyifu, askari walipora chakula, vijiji vilichomwa.

Miezi miwili baadaye aliiandikia serikali ya Marekani, akataja uhalifu dhidi ya binadamu. Alifariki Uingereza mwaka 1891, bila kuona haki. Leopold aliachishwa Kongo mwaka 1908.

Ninyi mliokimbia vijiji vyenu, andikeni siku, mahali na mliyoyaona, mkatunze vizuri. Shahidi hufa, maandishi hubaki.