Mashine ya Upepo: Kuitafsiri CPAP kwa Watu wa Lyamkena

Katika Kiswahili cha Tanzania, ukiambiwa mtu "anapumulia mashine" unajua hali yake ni mbaya. Ndugu wataanza kupigiana simu, walio mbali wataulizia nauli. Waandishi wa michezo nao wameichukua kauli hiyo: timu inayokaribia kushuka daraja huandikwa kuwa inapumulia mashine. Kwa hiyo naona tunakosea sana tunapomkabidhi mgonjwa wa apnea ya usingizi kifaa chake cha CPAP, kisha kwenye karatasi ya maelekezo tukaandika "mashine ya kupumulia". Mgonjwa huyu amekwenda hospitali kwa miguu yake, anarudi nyumbani kwa basi, na kesho atakuwa shambani au kwenye usukani. Kumpa jina la kifaa cha chumba cha mahututi ni kumtwisha hofu kabla hajakivaa hata usiku mmoja, na hofu hiyo itamfuata mpaka kitandani.

Ninaandika nikiwafikiria watu wa Lyamkena, kata ya mji wa Makambako mkoani Njombe. Makambako ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita mjini. Malori hulala hapo. Ugonjwa huu hauchagui kazi, ila kwa dereva una hatari ya pekee: analala kwa saa nane, anaamka kama hajalala, halafu anasinzia barabarani akiwa na tani thelathini nyuma yake. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mwenye apnea isiyotibiwa ana uwezekano wa kupata ajali unaofikia mara mbili au zaidi ya dereva asiyeugua.

Apnea ni neno la Kiyunani, na maana yake ya asili ni kutokuwa na pumzi. Kinachotokea ni hiki. Mtu akizama usingizini, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu njia ya hewa hubaki wazi hata hivyo. Kwa mwenye apnea ya kuziba, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuifunga. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Oksijeni kwenye damu inashuka, mpaka ubongo unashtuka na kumwamsha kwa sekunde chache tu. Anakurupuka, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Anayejua ni yule anayelala kando yake, na maelezo anayompa daktari hufanana popote pale: "Baba watoto anakoroma nyumba nzima inasikia, halafu ghafla kimya. Nasubiri. Nikitaka kumtikisa, ndipo anashtuka, anahema, anaendelea kukoroma." Kimya hicho kikifika sekunde 10, wataalamu hukihesabu kuwa apnea moja.

Tafsiri ninazokutana nazo ni "kukosa pumzi usingizini", "kusimama kwa pumzi" na "kukatika kwa pumzi usingizini". Nachagua ya mwisho. Kukosa pumzi ni kauli ya mwenye pumu au ya aliyepanda mlima, mtu anayeiona shida yake inapomtokea. Kukatika tunakutumia kwa umeme, kwa maji ya bomba, kwa mtandao wa simu: kitu kilikuwepo, kikakatika, kikarudi, na kinaweza kufanya hivyo mara nyingi usiku mmoja bila aliyelala kujua. Ila mwandishi achunge kiambishi. "Kukata pumzi" kunakaribia mno "kukata roho", na hapo tunarudi kulekule kwenye kutisha watu.

Faida nyingine ya kitenzi hiki ni kwamba kinazaa nomino. Tukio moja ni mkatiko, mengi ni mikatiko, na kipimo kikuu cha ugonjwa kinakuwa "mikatiko kwa saa". Katika hesabu hiyo huingizwa pia zile pumzi zinazopungua sana bila kukatika kabisa, ambazo naziita pumzi hafifu. Chini ya 5 kwa saa mtu mzima hana ugonjwa. Kuanzia 5 ni apnea nyepesi, kuanzia 15 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali. Mwenye mikatiko 40 kwa saa, akilala kwa saa 6, amekatikiwa na pumzi mara 240 kabla jogoo hajawika. Nasema "kali" kwa makusudi. Baadhi ya wafasiri huandika "sugu", na hilo ni jambo tofauti: sugu ni ugonjwa unaodumu, hata kama ni mwepesi. Apnea nyepesi inaweza kuwa sugu, na mgonjwa anapaswa kuambiwa ni lipi kati ya hayo mawili linamhusu.

Kuna neno jingine linaloingilia uwanja huu, nalo ni jinamizi. Mtu akiamka anasongwa husema amekabwa, na jirani atamtafutia sababu za kukabwa kwake. Siwacheki wanaosema hivyo, kwa sababu kukabwa ni maelezo sahihi kabisa ya anachosikia mwilini. Ila hali mbili zimechanganyika. Anayekabwa na jinamizi ameamka akilini lakini mwili haujitikisi. Anaona, anasikia, na asubuhi anasimulia kila kitu. Mwenye apnea kwa kawaida hana la kusimulia. Ana kichwa kinachouma asubuhi, mdomo mkavu, safari za chooni usiku, na usingizi unaomjia kanisani, msikitini au kwenye kikao. Mhudumu wa afya akisikia neno "nakabwa", aulize nani analala chumba kimoja na mgonjwa, kisha amsikilize huyo.

Sasa mashine yenyewe. CPAP ni kifupisho cha Kiingereza, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni "shinikizo chanya endelevu la njia ya hewa". Kwa kitabu cha chuo inafaa. Kwa mzee wa Lyamkena haifai, na njia ya mkato ya kusema "presha ya hewa" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kwa watu wengi presha ni ugonjwa. Mama ana presha, shemeji kapandwa na presha. Mtu akiambiwa mashine itampa presha usiku kucha atakataa, na ana haki ya kukataa. Linaloumiza ni kwamba apnea isiyotibiwa yenyewe huchangia kupandisha shinikizo la damu, na matibabu ya mashine hulishusha kidogo. Neno moja limegeuza tiba ikaonekana chanzo cha maradhi.

Gereji za Makambako zina neno zuri siku zote. Fundi wa matairi hapimi shinikizo, anapima upepo. Tairi limepungua upepo, tunaongeza upepo. Kila aliyewahi kumiliki hata baiskeli anaelewa kwamba upepo wa ndani ndio unaozuia mpira usilale. Koo la mwenye apnea linahitaji hichohicho: upepo kidogo wa kulizuia lisilale juu ya njia ya hewa. Ndiyo maana napendekeza "mashine ya upepo" kwa mazungumzo ya kila siku, na "mashine ya kuiweka wazi njia ya hewa" pale ambapo karatasi inahitaji maelezo kamili. Mgonjwa anapumua mwenyewe, kwa kifua chake na kwa kasi yake. Mashine inavuta hewa ileile ya chumbani, inaichuja vumbi na kuisukuma kwenye mpira mpaka kwenye maski. Haina mtungi wa oksijeni, jambo linalofaa kusemwa waziwazi tangu wakati wa korona, watu walipozoea kuona maski na mtungi pamoja.

Upepo wenyewe ni mdogo mno. Hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hutoa kati ya 4 na 20. Asiyeelewa kipimo hicho aende wodi ya watoto njiti, ambako CPAP ilianza zamani kuliko kwa wenye apnea. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco waliandika kuhusu kuitumia kwa watoto wachanga mwaka 1971. Leo katika hospitali kadhaa za Tanzania kuna aina yake rahisi, ya mapovu, ambayo mpango wa NEST360 umeieneza hapa na katika Kenya, Malawi na Nigeria. Hewa inampitia mtoto puani, kisha mpira wa upande wa pili unatumbukizwa kwenye chupa ya maji. Ukizama sentimita 5, upepo ni 5. Ukizama 6, ni 6. Muuguzi anautazama kwa macho, na mapovu yakiacha kutoka anajua kuna mahali hewa inavuja. Sentimita 10 za mtu mzima ni uzito wa maji ya kina hicho tu. Geji ya tairi la lori, linalojazwa upepo unaozidi huo mara mamia, isingetikisika.

Aliyeileta kwa wenye apnea ni Colin Sullivan, daktari wa Sydney, Australia. Mwaka 1980 alimpata mgonjwa ambaye tiba yake ya kawaida wakati ule ilikuwa kutobolewa koo. Sullivan alitumia mota ya kipulizi cha mashine ya kufyonza vumbi, akaunganisha mpira na maski ya puani, akaongeza upepo mpaka mikatiko ikakoma. Aprili 1981 alichapisha habari za wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Upepo aliotumia ulikuwa kati ya sentimita 4.5 na 10.

Kutoka hapo hadi kuizoea mashine kitandani pana safari, na istilahi yake pia inahitaji kuchaguliwa. Wataalamu hupima kama mgonjwa anaitumia ipasavyo, na wengi huhesabu angalau saa 4 kwa usiku, katika usiku 7 kati ya 10. Mkoa wa Njombe hauhitaji neno jipya kwa hili. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huo wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, na kwa miaka mingi kliniki za tiba na matunzo zimefundisha "ufuasi mzuri wa dawa". Neno hilo limebeba heshima na uvumilivu wa watu wanaoishi kwa kulishika. Nalichukua bila kusita: ufuasi wa mashine. Na kama ilivyo kwa dawa, mfuasi anahitaji mtu wa karibu anayejua kinachoendelea.

Usiku wa kwanza mara nyingi ni mgumu. Kutoa pumzi dhidi ya upepo unaoingia kunashangaza mwili, na wengine huvua maski wakiwa usingizini. Inasaidia kuivaa kwanza mchana, ukiwa umekaa unasikiliza redio, dakika chache, kisha nyingi. Mashine nyingi zina sehemu ya kupandisha upepo taratibu, uanze kidogo unapotafuta usingizi. Upepo ukikupuliza machoni, maski haijakaa vizuri. Kaza kidogo tu, kwa sababu ikikazwa mno huchubua daraja la pua na bado huvuja. Ndevu nazo huivujisha. Pua ikikauka au tumbo likijaa gesi, mwambie daktari, yapo marekebisho.

Jambo moja nawasihi wanandoa. Maski ina matundu madogo yanayotoa hewa kwa mlio hafifu usiku kucha. Matundu hayo si kasoro. Ndiyo njia ya hewa chafu uliyoitoa, na mtu akiyaziba kwa plasta ili kelele iishe anamfanya mwenzake avute hewa aliyokwisha kuitoa.

Kisha kuna baridi. Juni na Julai nyanda za juu za Njombe zinauma. Mashine nyingi zina kikasha cha maji cha kulainisha hewa, na hewa hiyo yenye unyevu ikipita kwenye mpira wa baridi hugeuka matone yanayomtiririkia mgonjwa puani. Anaamka akidhani anazama, anaitupa maski. Dawa yake ni kuuvisha mpira soksi ndefu ya kitambaa au kuupitisha chini ya blanketi, kuiweka mashine chini ya usawa wa kitanda, na kupunguza unyevu. Maji yanayotakiwa ni yaliyokenekwa. Yakikosekana, ya kuchemsha na kupozwa, yamwagwe kila asubuhi na kikasha kisafishwe. Maji ya betri ya dukani yasiguswe, kwa maana chupa zinazofanana nje huweza kuwa na asidi ndani. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Ni hatari kwa kila mtu, na kichujio cha mashine hii hakizuii sumu ya kaboni monoksaidi. Mashine itamletea aliyelala sumu hiyo moja kwa moja puani.

Umeme ukikatika, upepo unakoma. Maski nzima ya pua na mdomo ina kilango kinachofunguka ili mtu aendelee kupumua hewa ya kawaida, lakini mikatiko itarudi, kwa hiyo alale ubavu mpaka umeme urudi. Mashine nyingi huweza kuendeshwa na betri ya volti 12 au 24 kwa kiunganishi chake maalumu, na kikasha cha maji kikizimwa betri hudumu zaidi. Dereva anayelala ndani ya lori pale Makambako anaweza hivyo kwenda na mashine yake mpaka Tunduma, mradi ahakikishe volti zinalingana kabla ya kuunganisha.