Kalori Huingia, Chuma Hupita: Mlo wa Meru na Embu baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Wengi huamini kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa kuchepusha utumbo hukonda kwa sababu chakula chake hupita tu bila kufyonzwa. Naipinga dhana hiyo kwa kuwa inatufanya tuchunge kisichopotea. Mwaka 2010, Odstrcil na wenzake nchini Marekani walipima kilichoingia na kilichotoka kwa wagonjwa tisa wa upasuaji huo. Miezi 14 baadaye, takriban asilimia 11 tu ya upungufu wa nishati ilitokana na ufyonzaji hafifu. Sehemu iliyobaki ilitokana na kula kidogo. Wagonjwa walikuwa wachache, nakiri, lakini vipimo vilikuwa vya makini.

Kinachopotea hasa ni madini na vitamini. Chuma na kalisi hufyonzwa zaidi kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu ambayo chakula sasa hakiipitii. Vitamini B12 nayo huhitaji asidi na protini maalumu itokayo tumboni, ilhali kifuko cha tumbo kilichobaki kina ujazo wa mililita 30 hivi.

Sasa mrudishe mgonjwa wa upasuaji huu nyumbani, Nkubu au Runyenjes. Sahani yake ni githeri, na mahindi na maharagwe yake yana fitati inayoshikilia chuma kisifyonzwe. Sahani ikiondolewa, chai inaletwa, na miteremko hii ya Mlima Kenya ni nchi ya majani chai. Tanini yake hufanya kazi ileile. Ukifika Maua utakuta miraa, inayoua hamu ya kula kwa mtu ambaye tayari anakula vijiko vichache. Simwambii mtu aache chai; hapa hakuna atakayenisikiliza. Akiichelewesha saa moja au mbili baada ya chakula na baada ya kidonge cha chuma, inatosha. Kidonge cha kalisi nacho kisimezwe pamoja na cha chuma, kwa kuwa hushindana.

Protini ndiyo hesabu ngumu. Lengo la kawaida ni angalau gramu 60 kwa siku, na kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa kina gramu 15 hivi. Vikombe vinne! Kifuko hicho hakimalizi hata kimoja kwa mkao mmoja. Kwa hiyo mayai, maziwa na nyama laini vitangulie, githeri ifuate kama nafasi ipo. Ushauri wa lishe unaotaja samaki wa salmoni na brokoli hauna msaada wowote kwa mkulima wa Siakago.

Akiba ya B12 iliyo kwenye ini huweza kudumu miaka kadhaa, hivyo mgonjwa huonekana mzima huku akiba ikiisha kimyakimya. Ganzi ya miguu huja baadaye, wakati mwingine isirudi nyuma. Wahudumu wa Meru na Embu, mkikutana na mtu mwenye kovu la upasuaji huu, mpimeni damu, feritini na B12 kila mwaka, hata kama hana analolalamikia.