Kukinai na Kushiba: Historia ya Neno la Kukatika kwa Hamu

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa semantiki kwamba kinai ni homonimu: vitenzi viwili vilivyokutana kwa sauti tu. Cha kwanza humaanisha kuridhika na ulichojaliwa, hata kikiwa kidogo. Cha pili humaanisha kuingiwa na karaha ya chakula, hasa chenye mafuta au utamu uliozidi. Hoja yangu ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio ulionidanganya: sikuona vipi neno moja liweze kutaja fadhila ya mcha Mungu na papo hapo kichefuchefu cha mlafi. Makala hii inaifuta kauli hiyo.

Kilichonirudisha kwenye neno hili hakikuwa kitabu. Nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, na mbele yetu palikuwa na sinia la pilau. Bibi mwenye nyumba, mtu wa makamo ya themanini na zaidi, alikuwa akila na mkaza mwanawe, msichana aliyeolewa kutoka bara. Msichana alitaka kumwongezea. "Mama, ongeza kidogo." Bibi akaifunika sahani kwa kiganja: "Nimekinai, mwanangu, alhamdulillahi." Uso wa msichana ukabadilika. Baadaye, vyombo vilipokuwa vinaoshwa, nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini kama samli ilikuwa imezidi. Bibi alikuwa amemshukuru Mungu. Mkaza mwana alikuwa amesikia lawama. Haikunipitikia kumsaidia, maana mimi mwenyewe sikuwa na hakika ni kinai kipi kilichotamkwa. Kwa mwalimu aliyekuwa akidai kuwa maneno haya ni mawili, hiyo ilikuwa aibu ya kutosha.

Asili ya neno haina utata. Ni kitenzi cha Kiarabu qani'a, kilichozaa nomino qana'a, yaani hali ya kuridhika, ambayo maadili ya Kiislamu huihesabu miongoni mwa fadhila kubwa na ambayo msemo mashuhuri wa Waarabu huifananisha na hazina isiyokwisha. Umbo la Kiswahili linaelekea kutokana na shina la wakati usiotimilifu, yaqna'u, kama ilivyo kawaida kwa vitenzi vingi tulivyovipokea kutoka lugha hiyo: abudu hutazamana na ya'budu, hukumu na yahkumu. Likiondolewa kiambishi, hubaki konsonanti mbili zilizobanana, nazo Kiswahili huzitenganisha kwa irabu: k-i-na. Sauti ya koo iliyokuwa mwishoni imetoweka, na q imekuwa k, isipokuwa katika vinywa vya waliosoma chuoni.

Inafaa kuliweka shina hili kando ya jirani yake, shiba. Nalo limepita njia ileile: yashba'u, kisha sh-i-ba. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba lugha ya Kibantu iazime kitenzi cha kujaa tumbo, tendo lisilohitaji mfanyabiashara wala mwalimu kulileta. Ndugu wengi wa Kiswahili wameuhifadhi mzizi wa kale, ule ambao wanaisimu wa Kibantu huuunda upya kwa umbo *-jikut-: Wachewa husema -khuta, Washona -guta, Wabemba -ikuta, Waganda -kkuta. Kiswahili kimeuacha na kushika shiba. Tena kimelipokea kama mtoto wa nyumbani. Tunasema nishibe, sishibi, na irabu ya mwisho inageuka kwa kufuata sarufi ya Kibantu. Kinai halikubali mabadiliko hayo: nikinai, sikinai, mwisho ni uleule. Sitaki kudai kwamba tofauti hii ya kimofolojia inatosha kutupa tarehe, ila inatupa mwelekeo wa njia. Shiba limezama jikoni na barazani hata likazaa shibe, wakashibana marafiki, na methali ikaonya kuwa shibe ni mwana malevya. Kinai limebeba hadi leo alama ya kuingia kupitia mawaidha na vitabu.

Na katika kitabu kilicho kikuu kuliko vyote kwa Waislamu wa pwani, mzizi huu umekaa karibu na chakula tangu mwanzo. Sura ya Al-Hajj, aya ya 36, inapozungumzia ngamia wa sadaka, inaamrisha kwamba wakishachinjwa, watu wale na wawalishe mafukara wa aina mbili. Mmoja wao anaitwa al-qani'. Wafasiri, at-Tabari akiwemo, wamenakili kauli zinazopingana kuhusu fukara huyo. Wapo waliosema ni yule aliyeridhika na alichonacho, akakaa nyumbani kwake bila kuomba. Wapo waliosema ni kinyume chake kabisa, ni yule anayeomba. Mvutano huo una sababu ya kilugha: Kiarabu kina qana'a yenye nomino qunu', iliyo na maana ya kuomba kwa unyenyekevu, sambamba na qani'a ya kuridhika, na vitenzi hivyo viwili hukutana katika umbo moja la wakati usiotimilifu. Kiswahili hakikuurithi upande wa kuomba. Naitaja habari hii kwa sababu nyingine: huyu qani' wa aya amekaa mbele ya nyama bila kuinyooshea mkono. Hatuambiwi kwamba ameshiba. Inawezekana ana njaa kali. Kilichotulia ni hamu.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya msingi ya kitenzi chetu. Shiba husema habari ya kiasi: chombo kilikuwa kitupu, sasa kimejaa. Kinai hakisemi lolote kuhusu kiasi. Husema kwamba hamu imekatika. Ndiyo maana mtu aweza kushiba asikinai, tumbo limemjaa lakini jicho bado linaizunguka meza. Na mwingine aweza kukinai asishibe, amekula vipande viwili vya halua, tumbo bado linadai, lakini moyo umekataa cha tatu mpaka apewe kahawa chungu. Mazungumzo ya kila siku yanalijua hilo vizuri kuliko nilivyolijua darasani. Shiba huhusishwa na tumbo. Kinai huhusishwa na moyo, roho au nafsi.

Hamu inaweza kukatwa na mwenyewe, kwa nia, au ikajikatia yenyewe, mwili ukikataa. Ikikatwa kwa nia, tunapata mkinaifu na ukinaifu wake. Ikijikatia, tunapata mtu anayesukuma sahani. Fadhila na karaha, nilizozitenga kwa miaka yote ile, ni sababu mbili za tukio moja. Na mahali pa kuvukia kutoka maana moja hadi nyingine ni palepale nilipokuwa nimekaa Ng'ambo: mwisho wa mlo. Anayesema "nimekinai" huku mwenyeji akimsihi, anakataa chakula kwa lugha ya adabu. Msikilizaji humwachia sababu yake. Lakini adabu ikishazoeleka, msikilizaji huanza kutafuta sababu nyuma yake, na sababu iliyo karibu ni chakula chenyewe. Mara ya kwanza ni dhana, mara ya mia ni maana. Wanasemantiki wa kihistoria wamekwisha kuonyesha kwamba maneno mengi huhama hivyo, kupitia muktadha unaoruhusu tafsiri zote mbili kwa wakati mmoja.

Karaha ikishapata makao, haihitaji tena shibe iliyoizaa. Ushahidi mzuri wa hatua hii uko katika Biblia ya tafsiri ya Muungano ya 1952. Katika Hesabu, sura ya 21, wana wa Israeli wanalalamika jangwani juu ya mana, na wafasiri wametumia kinai kueleza hisia ya nafsi zao. Watu hawa hawakuwa wameshiba. Wanalalamika papo hapo kwamba hawana chakula wala maji. Wamechoshwa na kitu kilekile siku zote. Lakini katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, panaposifiwa hali ya kutosheka na kidogo, mahali ambapo qana'a ingeingia kama ufunguo katika kufuli lake, wafasiri haohao wameandika kuridhika. Kazi imegawanywa: kuridhika limepewa fadhila, kinai limeachiwa karaha. Anaweza kutokea mtu akasema kwamba wafasiri Wakristo waliepuka neno lenye harufu ya msikiti. Sikubali. Radhi nayo ni ya Kiarabu, na hutajwa katika dua za Waislamu kila uchao. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba, kufikia kizazi hicho, msomaji wa kawaida wa Kiswahili sanifu alikuwa ameanza kulisikia kinai kwa sikio la yule mkaza mwana.

Upo mkondo wa tatu, nao nitaugusa tu. Asiyetamani vya watu hawahitaji watu, na asiyewahitaji watu huonekana ana kiburi. Naiona kinaya yenye maana ya majivuno na kutojali kuwa imetoka hapa. Isichanganywe na kinaya ya wahakiki wa fasihi, ambayo ni kinaya ya balagha ya Kiarabu, yenye k halisi na mzizi mwingine, na ambayo huko kwao hutaja usemi wa kudokeza, si kejeli. Hizi ndizo homonimu za kweli. Nilikuwa nikizitafuta mahali pasipo.

Haya yana uzito katika usomaji wa tungo za zamani. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu iliyojengwa juu ya utenzi wa mawaidha. Msemaji wa utenzi huo anatamka kwamba amekinai dunia, na mwanafunzi akajenga juu ya kauli hiyo hoja ndefu kuhusu kukata tamaa, uchovu wa maisha, hata nafsi iliyovunjika. Uchambuzi wake ulikuwa na mvuto na sikuukosoa. Leo ningemwomba kwanza aitazame sintaksia. Anayekinai na kitu, au kwa kitu, kwa kawaida ameridhika nacho. Anayekinai kitu, bila kihusishi, kwa kawaida amekichukia au amekiacha. Kisha ningemwomba atazame mtenda: ni mtu, au ni moyo na nafsi? Vigezo hivi havimalizi kila shaka. Katika shairi la arudhi mizani huweza kukimeza kihusishi, na mshairi aliyelelewa katika mawaidha anaweza kuikinai dunia, yaani kuiacha kwa hiari, pasi na uchungu wowote juu yake.

Kwa watunzi wa kamusi nina ombi moja. Kinai liwe kidahizo kimoja, na maelezo yake yaanze na kukatika kwa hamu, ndipo kuridhika na karaha zifuate kama matawi, pamoja na mfano wa kihusishi kwa kila tawi. Tasnifu niliyoitaja bado iko mikononi mwa mwanafunzi, haijatahiniwa. Nimemwandikia arudi kwenye ubeti ule.