Kufurushwa, Kisha Kurudi

Mgeni aliyefukuzwa Kenya akarudi kinyemela, kisha akafungwa na hakimu wa Mombasa, leo ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ikiwa alikiri kosa, hawezi tena kupinga hatia. Kilichobaki ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Na aende kwa hadhari: jaji anaweza kupunguza kifungo, lakini anaweza pia kukiongeza.

Zamani haki hiyo haikuwa ya kila mtu. Mjini Mombasa, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, lipo jengo la mahakama ya zamani, la mwaka 1902, ambalo sasa ni ukumbi wa maonyesho. Wakati wa Waingereza mtu aliweza kuhukumiwa humo na kufungwa jirani tu, kwani Ngome ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Aliyefurushwa kwa ajili ya siasa, jengo hilo halikumfaa kitu. Kwake ilitolewa amri ya mtawala, na amri haikuwa na rufaa.

Mambo hayo hayakuanza na Mzungu. Mwaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliwakamata kwa hila watu wa ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa, akiwemo liwali wao Rashid bin Salim, wakavushwa bahari hadi Bandar Abbas, Uajemi. Hawakurudi. Wangemlalamikia nani, ilhali aliyewatoa ndiye mwenye nchi?

Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, hakungoja ruhusa ya mtu ili arudi kwao. Alikamatwa Oktoba 1913, enzi ambazo mkuu wa jimbo wa Waingereza, Hobley, alikuwa na makao yake Mombasa. Yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakafunga safari ya mamia ya kilomita hadi Ugiriamani. Mama huyo alikamatwa tena Agosti, akafurushwa mara ya pili.

Kisa cha Khalid bin Barghash kina ujanja zaidi. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ilimng'oa kwenye kiti cha Unguja katika muda usiotimia saa moja, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza walimvizia nje: akikanyaga ardhi ya Unguja tu, wamkamate. Wajerumani wakasubiri bamvua. Oktoba 2, maji yalipojaa, mashua ilisogea hadi kwenye bustani ya ubalozi, naye akapanda bila unyayo kugusa mchanga wa nje. Alifikishwa Dar es Salaam, akaishi huko miaka 20.

Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dar, wakampata. Alipelekwa St Helena na Shelisheli. Hatimaye aliruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, ila Mombasa, si Unguja. Huku alipata msikiti, jamaa na lugha yake. Kiti hakukiona tena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.