Kufuta Uchaguzi: Somo la Kijiweni

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, pana kiuwanja kiitwacho Jaws Corner, jina lililotokana na filamu ya papa ya mwaka 1975. Papa mwenyewe amechorwa ukutani. Wanaume hukaa kwenye baraza za saruji, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, wengine wameinamia dhumna. Hapo iliwahi kutundikwa simu isiyounganishwa na waya wowote, na kibao kilichotangaza kwamba simu za nje ni bure. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha uliolijua baraza vizuri, kwani mambo ya nje ndiyo yanayojadiliwa pale kutwa, bila kiingilio.

Wasomi wengi huyaita mazungumzo hayo porojo. Hoja yao inafahamika: mtu asiyemjua diwani wa kata yake, kura za Pennsylvania, Marekani, zinamhusu nini? Lawama hiyo ina chembe ya haki. Kijiwe hupenda sura za watu kuliko taratibu, huamini uvumi upesi, na mwenye sauti kubwa mara nyingi ndiye anayeshinda. Hata hivyo, ni katika kuzungumzia chaguzi za wengine ndipo wananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki walipojizoeza kuuliza maswali magumu kuhusu chaguzi zao: nani anatangaza matokeo, nani ana mamlaka ya kuyafuta, na nani anasimamia marudio.

Chukua neno moja tu, “kufuta”. Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi huku matokeo yakiwa bado hayajakamilika kutangazwa. Marudio yalifanyika Machi 20, 2016, na chama cha upinzani cha CUF kikayasusia. Mwaka uliofuata neno lilelile likasikika kutoka Nairobi. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa rais wa Agosti 8 kwa kura za majaji wanne dhidi ya wawili. Neno ni moja, lakini la Zanzibar lilitoka kinywani mwa mwenyekiti wa tume, la Kenya likatoka mahakamani, baada ya pande zote kusikilizwa hadharani. Tofauti hiyo haihitaji shahada ya sheria kuielewa.

Wala kijiwe hakikuwa na sababu ya kuishangilia Kenya bila kiasi. Marudio ya Oktoba 26, 2017 yalisimamiwa na tume ileile iliyolaumiwa na mahakama, mpinzani Raila Odinga akajitoa, na Rais Uhuru Kenyatta akapata takriban asilimia 98 ya kura. Zanzibar na Kenya, kwa njia mbili tofauti, ziliishia kwenye marudio yaliyosusiwa na upinzani.

Malawi ndiyo iliyokamilisha somo. Februari 3, 2020, mahakama iliufuta uchaguzi wa mwaka 2019, ambao fomu zake za matokeo zilikutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa. (Kwa anayeifikiria lugha, huko hata fomu zilifutwa kabla ya uchaguzi kufutwa.) Mwenyekiti wa tume, Jane Ansah, alijiuzulu kabla ya marudio. Juni 23 watu wakapiga kura tena, na Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika aliyekuwa madarakani. Mwaka 2025 Mutharika akarudi Ikulu, kwa kura vilevile. Anayeziweka kesi hizi tatu bega kwa bega amekwishafanya siasa linganishi, hata kama jina la somo hilo hajawahi kulisikia.

Kwa nini basi asianze na ya kwake moja kwa moja? Kwa sababu ya kwake yana gharama. Jamii iliyozoea kumsema jirani kwa maandishi ya kanga, bila kumtaja jina, haioni ugumu kuisema serikali yake kwa kuitaja Lilongwe. Anayeuliza, “Wenzetu wanakwenda mahakamani, sisi je?” hajamtukana mtu, na aliyekusudiwa amesikia. Msomi anayehesabu ni mara ngapi nchi ya nje imetajwa, kisha akahitimisha kwamba wazungumzaji wamekimbia mambo ya nyumbani, amelisoma pambo la kanga na kuliacha jina lake.

Si kila mazungumzo ni fumbo, bila shaka. Barack Obama aliposhinda mwaka 2008, Kenya ilitangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko, na kanga za kumpongeza zikauzwa. Hiyo ilikuwa furaha ya ukoo tu. Mwaka 2016 Marekani ikaleta hesabu: Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9 za wananchi, akashindwa kwa kura za wajumbe. Na Januari 2025, Trump aliporudi na kusitisha misaada ya nje, kura za Pennsylvania zikafika hadi kwenye kliniki za CTC, ambako wagonjwa walianza kuuliza kama dawa zao za kufubaza virusi vya Ukimwi zitaendelea kuja. Aliyekuwa akiuliza Pennsylvania inamhusu nini mtu wa Kinondoni alipata jibu.

Kuna upungufu mmoja usiofaa kufichwa. Baraza la kahawa ni la wanaume. Wanawake huzijadili habari hizohizo sokoni, saluni na kwenye vikao vya vikoba, na huko watafiti wa siasa hawaendi sana. Anayetaka kuandika juu ya fikra za kisiasa za umma aanzie huko.

Lile swali kuhusu mahakama, kwa Tanzania, lina anwani kamili. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya mwaka 1977 inazizuia mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa mgombea urais aliyekwishatangazwa mshindi na tume. Julai 15, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mahakama hiyo ina makao yake Arusha.