Ahadi ya Geneva na vilima vya Kericho: simu ilifikaje kwa mkulima wa chai?

Leo naweka programu kando kidogo, ndugu msomaji, tuzungumze historia. Sisi tunaoandika programu tunapenda kutaja "pengo la kidijitali" kana kwamba lilizaliwa siku moja na intaneti. Sivyo kabisa. Dunia ilianza kulihesabu pengo hilo wakati simu ilikuwa bado ni kidude kizito cheusi mezani kwa meneja, na uamuzi wa kulihesabu ulifanyika hapa hapa kwetu, Nairobi, mwaka 1982.

Mwaka huo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ule tunaouita ITU, ulifanya mkutano wake mkuu Nairobi. Nchi zilizokuwa zimepata uhuru miaka ya sitini zilikuwa nyingi ukumbini na zilikuwa na swali moja: mbona mitambo inazidi kuwa mizuri na sisi bado hatuna laini? Mkutano ukaunda tume huru ya kulichunguza jambo hilo, mwenyekiti akiwa Sir Donald Maitland, mwanadiplomasia wa Uingereza. Tume ikatoa ripoti yake Desemba 1984 na kuiita The Missing Link, yaani kiungo kinachokosekana.

Hesabu za ripoti ile ziliuma. Dunia ilikuwa na simu milioni 600 hivi, na robo tatu ya hizo zilikuwa katika nchi 9 tu. Mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika lenye watu milioni 500. Tume ikaweka lengo: mwanzoni mwa karne ya 21, karibu kila binadamu awe mahali ambapo anaweza kuifikia simu kwa urahisi. Mei 1985 wakubwa wa dunia wakakutana tena, safari hii Arusha, wakatoa azimio la kuunga mkono.

Sasa tuondoke ukumbini, tupande hadi kwenye chai.

Mwaka 1985 Kericho na Bomet zilikuwa bado wilaya moja (Bomet ilipewa wilaya yake mwaka 1992). Ndani ya wilaya hiyo kulikuwa na nchi mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara. Upande mmoja ni mashamba makubwa ya kampuni, Brooke Bond na African Highlands, yaliyoanza miaka ya 1920. Upande wa pili ni wakulima wadogo wenye ekari moja au mbili, waliokusanywa chini ya KTDA kuanzia mwaka 1964 na kupeleka majani yao kwenye viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros. Majani ya pande zote mbili huuzwa sana sana katika mnada ule ule, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969.

Waya wa simu ulifuata ofisi. Ulifika posta, ulifika kwa DC, ulifika kwa meneja anayehitaji kuongea na Mombasa au London. Mkulima wa Mogogosiek hakuwa ofisi. Akitaka kujua kama mtoto amefika salama chuoni, alituma barua au alimtuma mtu. Akitaka laini yake mwenyewe, aliomba kwa shirika la serikali la posta na simu, KPTC, kisha akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulihesabiwa kwa miaka.

Kwa nini azimio la Arusha halikufika mlimani? Pesa ni sababu moja: kituo kilichoanzishwa Geneva baada ya ripoti kilitegemea michango ya hiari, na michango ya hiari tunaijua sote, ni kama harambee ambayo mgeni wa heshima ametuma salamu. Lakini mimi naona sababu kubwa zaidi ni ya kiufundi, na hapa ndipo mtu wa mitambo anapaswa kusema. Simu ya waya ina gharama inayoongezeka kwa kila nyumba. Nyumba mpya ni nguzo mpya, waya mpya, na fundi wa kupanda kilima wakati radi ya jioni imeupiga. Nchi ya chai ina mvua karibu kila alasiri, ina mvua ya mawe, na watu hawakai kijijini pamoja bali kila mmoja kwenye shamba lake, mgongo huu wa kilima na ule. Huwezi kupata mahali pabaya zaidi pa kusambaza shaba. Tume ya Maitland ililenga vizuri, ila chombo kilichofikisha simu kwa watu hawa hakikuwa kile walichokitegemea.

Kufikia mwaka 1999 Kenya nzima ilikuwa na laini za waya karibu laki 3 tu. Mwaka huo KPTC ikavunjwa, kwa mujibu wa sheria ya mawasiliano ya 1998, ikawa Telkom Kenya, shirika la Posta, na tume ya kusimamia sekta. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikaingia sokoni kwa nguvu, na mambo yakageuka kwa kasi ambayo hakuna azimio lililoitabiri. Mnara mmoja juu ya kilima unahudumia nyumba zote zinazouona. Nyumba ya mwisho haigharimu zaidi ya nyumba ya kwanza.

Lakini tusidanganyane, mnara peke yake haukutosha. Kilichoifanya simu ya mkono iwe ya mchuma chai ni namna ya kulipia. Kadi ya kukwangua ilimaanisha hakuna ankara, hakuna amana, hakuna karani wa kukuuliza unafanya kazi wapi. Safaricom ikaanza kutoza kwa sekunde wakati mshindani wake alitoza kwa dakika, na mtu wa sekunde ishirini akajua aende wapi. Asiye na salio aliflashi: unapiga, unakata kabla hajapokea, na mwenzako anaelewa. Huo nao ni ubunifu wa kihandisi, ingawa hautatajwa katika ripoti yoyote ya Geneva.

Je, basi jumuiya ya kimataifa haikufanya lolote? Kuna wanaopenda kusema hivyo, kwamba soko lilifanya yote. Siwaungi mkono. Bila ITU kugawa masafa ya redio kati ya nchi na nchi, minara ingekuwa kelele tupu. Na chukua M-Pesa. Fedha za kuanzia za wazo hilo zilitoka kwenye mfuko wa ushindani wa DFID, idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaweka za kwake. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikusudia kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, na watumiaji wakaamua wenyewe kwamba kitu hiki ni cha kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lake lilikuwa la kutuma pesa nyumbani.

Fikiria maana yake katika mashamba makubwa ya Kericho, ambako wachumaji wengi wametoka Kisii, Nyanza na Magharibi na kuishi kwenye nyumba za kampuni. Kabla ya hapo mshahara ulisafiri kwa hawala ya posta au ndani ya bahasha mkononi mwa mtu anayepanda basi. Uaminifu wa dereva ndio uliokuwa itifaki ya mtandao.

Intaneti ilichelewa zaidi. Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009. Mradi wa kebo ya pamoja, EASSy, ulipangwa tangu 2003 na kukwama katika mabishano ya nani amiliki nini. Kenya ikachoka kungoja, ikavuta kebo yake ya TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah. SEACOM ikawasha mitambo Julai 2009, TEAMS ikafuata mwaka huo huo, na EASSy yenyewe ikafika 2010. Serikali, kupitia mradi uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ikaja pia na vijiji vya kidijitali vilivyoitwa Pasha, kompyuta chache katika chumba kimoja mashambani. Vingi havikudumu. Kufikia wakati mkopo unalipwa, kijana aliyekuwa mteja alikuwa na intaneti mfukoni.

Kwa hiyo lengo la 1984 limetimia? Kwa maneno yake, ndiyo: ukisimama Bomet leo, simu iko karibu. Lakini sensa ya 2019 ilikuta kwamba kati ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi, asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Na kuna jambo lingine ambalo kuhesabu simu hakuwezi kulionyesha.

Leo mkulima mdogo akifikisha majani kituoni, mizani ni ya elektroniki, kilo zinaingia kwenye kompyuta na karatasi ndogo inatoka. Mnada wa Mombasa nao ulihamia kwenye kompyuta mwaka 2020, kwa msaada wa TradeMark East Africa, shirika linalotegemea wafadhili wa nje. Ncha zote mbili za safari ya jani zina data. Katikati, mkulima hupokea malipo ya kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka namba moja inayoitwa bonasi. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kericho na Bomet wakiwemo, hulalamika kila msimu kwamba namba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Wanaambiwa ni ubora wa majani. Wao wanauliza kuhusu gharama za kiwanda, madalali, mikopo na bei ya dola.

Kilo zake anazijua. Bei ambayo chai ya kiwanda chake ilipata wiki ile, na kila kilichokatwa kabla haijawa bonasi, ndiyo sehemu ya data isiyorudi kilimani kwa urahisi. Hilo halihitaji setilaiti wala kebo mpya. Ni jedwali moja na namba fupi ya kupiga kwenye kabambe, herufi 160 zinatosha: wiki, kilo zilizouzwa, bei, makato. Kuiandika ni kazi ya wiki mbili kwa mtu mmoja. Kuipata ruhusa ya kulifungua jedwali, hiyo siwezi kukukadiria.