Jeddah 2009 hadi 2022: mvua ndiyo mtihani

Ndugu zangu, tukizungumzia utayari wa maafa tunapenda kuhesabu mipango, mazoezi na magari ya zimamoto. Mie naona tuhesabu mvua.

Jumatano, Novemba 25, 2009, siku mahujaji wanaelekea Mina, Jeddah ilipata kama milimita 90 kwa saa chache tu. Walikufa watu zaidi ya 100. Mitaa ya mashariki kama Quwaizah, iliyojengwa kwenye mapito ya maji ya mabondeni, iliumia sana. Amri ya Mfalme Abdullah ikatoka: tume iundwe, ichunguze. Ikachunguza, ikaripoti. Haya, Januari 26, 2011 mvua ikapiga tena, mji ukafurika tena, na watu wapatao 10 wakapoteza maisha. Ripoti ilikuwepo, kazi ya kuulinda mji ilikuwa bado.

Baada ya hapo ndipo mabwawa na mifereji ikajengwa kwa nguvu. Novemba 24, 2022 zikanyesha milimita 179 kwa saa sita, karibu mara mbili ya zile za 2009. Barabara zilifurika, magari yalielea, lakini shule zilifungwa mapema, na waliokufa walikuwa 2.

Na kwetu je? Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011. Tume ikaundwa, ikaripoti. Julai 18, 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Jamani, ripoti peke yake si funzo. Tuulize: nani kapewa kazi gani, na lazima aimalize lini?